Nani Mwenye Reli ya Kipushi?

Mwaka juzi mama mukubwa wangu alinifuata Kasapa akiwa na barua ndani ya bahasha. Alikuwa ananunua lupango upande wa kusini wa mji, kando ya njia ya zamani ya reli inayokwenda Kipushi, na muuzaji alikuwa amempa karatasi ya Kifaransa yenye muhuri. Alitaka nimsomee kabla hajatoa pesa iliyobaki. "Weye njo unasomaka malugha," aliniambia. Sentensi iliyobeba mambo yote ilisema kwamba kiwanja kiko ndani ya "emprise ferroviaire désaffectée". Nikaisoma mara mbili, nikamwambia: ni sehemu ya reli iliyoachwa. Akauliza, "Basi haina mwenyewe?" Nikajibu, kwa ujasiri wa mtu aliyetoka kufaulu mtihani wa mofolojia, kwamba ndiyo, ni kama hivyo. Kesho yake akamaliza kulipa.

Leo ukuta wake una msalaba mwekundu wa rangi. Waliouchora hawakuacha karatasi wala jina. Majirani wanasema reli inarudi. Wengine wanasema hairudi, ila kuna mkubwa anayetaka eneo lote kwa mara moja. Mama mukubwa hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi.

Nimerudi kwenye lile neno. "Désaffecter" katika sheria haina maana ya kuacha. Kitu cha umma hupangiwa kazi: hapa pawe barabara, hapa pawe soko, hapa ipite reli. Kukivua kazi hiyo ni tendo, na tendo lina mtendaji, lina tarehe, lina namba ya karatasi. Sheria yetu ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iko wazi katika kifungu cha 55: ardhi iliyopangiwa matumizi au huduma ya umma ni milki ya umma ya Serikali, na haiwezi kukabidhiwa kwa mtu maadamu haijavuliwa kazi hiyo kwa utaratibu. Kwa hiyo reli ambayo treni haijapita miaka mingi ni sawa na chifu anayelala usingizi. Kijiji kinaweza kupiga kelele kitakavyo, lakini hajavuliwa cheo. Barua ya mama mukubwa ilitaja uvuaji bila kutaja aliyevua, wala siku, wala namba ya uamuzi. Kasoro hiyo ilikuwa mbele ya macho yangu na sikuiona, kwa sababu niliificha mwenyewe katika tafsiri.

Wenzangu wa isimu wataniruhusu niseme neno moja la ufundi hapa. "Iliyoachwa" na "iliyovuliwa kazi" zote ni kauli ya kutendwa, ila hazimkumbuki mtendaji kwa kiasi kimoja. Ukisikia nyumba "iliyoachwa" huulizi nani aliiacha. Kitenzi kimeshakauka, kimekuwa kama kivumishi. Ukisikia "iliyovuliwa kazi" unauliza papo hapo: na nani? Lini? Kwa idhini gani? Ningelitumia neno la pili, mama mukubwa, ambaye ana akili ya soko kuliko mimi, angeuliza maswali hayo matatu, na pesa yake ingebaki kwenye kitambaa chake.

Sasa kuhusu reli yenyewe, maana huenda wapo wanaopita juu yake kila siku bila kujua ni nini. Ni tawi linalotoka Munama, kusini mwa Lubumbashi, kwenye njia kuu ya kwenda Sakania, na kufika Kipushi mpakani na Zambia. Ni kilomita 34. Lilikuwa la mgodi: Kipushi ulianza kuchimbwa 1924, ukasimama 1993, na tawi nalo likazeeka. Mwezi wa Oktoba 2017 kampuni ya Ivanhoe Mines, yenye hisa katika mgodi, na SNCC, shirika letu la reli, walitia sahihi makubaliano ya kuijenga upya njia hiyo. Mgodi umerudi kutoa zinki tangu 2024. Zinki yenyewe hutoka kwa kamyo, na ukisafiri balabala ya Kipushi asubuhi utajua maana yake kabla ya kuambiwa.

Nimetembea sehemu ya tuta hilo mara tatu mwaka huu. Mahali pengine mahindi yamepandwa mpaka kwenye mawe ya reli. Mahali pengine mataruma yamezama kwenye majani na huwezi kujua kama uko relini isipokuwa kwa mguu. Lakini katikati, karibu kila mahali, kuna kijia cha udongo mwekundu kilichokanyagwa kikang'aa. Nani amekikanyaga? Wanafunzi wa shule za msingi. Akina mama wenye mabeseni. Na zaidi ya wote, watu wa kinga, wale wanaosukuma makala kuja mjini, magunia yamepanda kuliko kichwa cha msukumaji, wakitafuta njia ambayo kamyo haitawasukumia mtaroni. Mmoja aliniambia kwamba balabala ni fupi zaidi, ila kwenye reli anafika. Sikuona haja ya kuuliza swali jingine.

Kwa hiyo matumizi ya umma hayajakoma pale. Yamebadilika miguu tu. Njia inabeba watu kila siku bila mtu yeyote aliyepewa jukumu la kuitunza, na kila mwezi lupango moja zaidi inaikata. Msimamo wangu ni huu: serikali ya jimbo la Haut-Katanga, mji wa Lubumbashi na SNCC, pamoja na wizara zinazohusika Kinshasa, waitangaze njia yote kutoka Munama hadi Kipushi kuwa njia ya umma isiyokatwa wala kuuzwa, waipime, waiwekee mawe ya mipaka, walinde tuta kwa ajili ya treni, na pembeni yake wafungue njia ya miguu na ya kinga. Wafanye hivyo sasa, kabla treni haijarudi na kabla lupango hazijaimaliza.

Najua neno "kutwaa" linatisha. Hapa kwetu linakumbusha tingatinga. Lakini tazameni jinsi kesi hii ilivyo rahisi kisheria kuliko nyingine. Nchi ambako reli ilikuwa ya kampuni binafsi hulazimika kununua kwanza. Kwetu ardhi ni ya Serikali tangu zamani, sheria ya 1973 ilisema hivyo bila kificho, na SNCC yenyewe, hata baada ya kugeuzwa kampuni ya kibiashara, ni ya Serikali. Ardhi hiyo haihitaji mnunuzi. Inayohitaji ni mtu wa kusema kwa maandishi kwamba bado ina kazi, na kazi hiyo ni ipi. Shirika lolote lenye madeni huanza siku moja kuangalia ardhi yake kama pochi, na ningependa hilo lizuiliwe kwa karatasi kabla ya siku hiyo.

Marekani walikutana na fumbo hili hili. Reli nyingi zilikuwa zinafungwa, na kila ilipofungwa moja, ardhi ilitawanyika kwa majirani, hata ikawa haiwezekani kuiunganisha tena. Mwaka 1983 Bunge lao lilibadilisha sheria ya njia za matembezi: reli isiyotumika inaweza kukabidhiwa kwa mji, jimbo au chama, ikageuzwa njia ya miguu na baiskeli, huku haki ya treni kurudi ikihifadhiwa. Kinachonivutia mimi ni lugha ya sheria hiyo. Inasema kwamba matumizi hayo ya muda hayatahesabiwa kuwa kutelekezwa. Wenye mashamba walipinga mpaka Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1990 mahakama ikaitetea sheria, ikiongeza kwamba aliyenyang'anywa haki yake anaweza kudai fidia. Yaani taifa zima lilibishana juu ya kitenzi kilekile kilichonishinda mimi na bahasha ya mama mukubwa. Wao waliona kwamba kabla ya kutengeneza njia ni lazima kwanza uzuie neno "imeachwa" lisitamkwe.

Na mahali ambapo halikuzuiwa? Unguja ilikuwa na reli iliyofunguliwa 1905, kutoka mjini hadi Bububu, kilomita kumi na moja hivi. Ilidumu miongo miwili na kidogo, ikang'olewa. Leo kilichobaki ni ubishi wa etimolojia: waongozaji wa watalii husema jina Bububu ni sauti ya ile mashine, wengine hulihusisha na maji yanayobubujika, na huenda jina lilikuwapo kabla ya reli. Naupenda ubishi huo, ni chakula cha idara yetu. Lakini huwezi kupanda kinga juu ya etimolojia.

Niruhusiwe kupotoka kidogo kueleza kwa nini jambo hili ni la kitivo cha lugha. Treni ya kwanza ilifika hapa, wakati huo Elisabethville, tarehe 27 Septemba 1910, ikitokea kusini. Reli ikafika Bukama 1918, Ilebo 1928, mpaka wa Angola huko Dilolo 1931. Kila kituo kilichoongezwa kilileta watu wenye vinywa vipya: wa kutoka Rhodesia ya Kaskazini kwanza, baadaye wa Kasai, wa Lomami, wa Ruanda-Urundi. Kiswahili tunachokiandikia tasnifu hapa, chenye "njo" na "batu bote" na "lupango", hakikuletwa na jahazi. Kilipikwa kwenye kambi za wafanyakazi zilizopangwa kando ya mataruma. Atakayeandika historia yake bila ramani ya reli atakuwa ameandika nusu.

Na katika Kiswahili hicho kuna neno moja ambalo nadhani ni adui wa kweli wa njia ya Kipushi: Leta. Ni "l'État" ya Kifaransa iliyomezwa pamoja na kiambishi chake. Uliza mtu yeyote kando ya lile tuta ni la nani, atakujibu: "Ile ni kitu ya Leta." Sikiliza sauti yake anapojibu. Hasemi kwamba lina mwenyewe mkubwa. Anasema kwamba halina mwenyewe, kwamba anayewahi ndiye anayepata. Watanzania wana "mali ya umma", neno ambalo hapa hulisikii sokoni. Sisi tuna "ya Leta", na tuna "ya batu bote", ambayo watu huitumia kwa kisima, kwa kaburi, kwa mwembe wa barabarani. Kisima cha batu bote hakuna anayethubutu kukijengea ukuta, maana ataulizwa na mtaa mzima. Kitu cha Leta kila mtu anakijengea. Sheria ya 1973 haijui tofauti hiyo, lakini mjini ndiyo inayoamua nani atachimba msingi usiku.

Ndiyo maana sitaki tangazo la njia hii liandikwe kwa Kifaransa peke yake na kubandikwa kwenye ukuta wa ofisi. Liandikwe kwa Kiswahili cha hapa, lisomwe redioni na makanisani, na liambatane na ramani. Na kama kuna mahali ambapo tangazo la namna hiyo linaweza kuandikwa vizuri, ni kwenye kitivo hiki. CELTA ipo tangu 1971, na idara ina walimu waliotumia maisha yao kueleza lugha ya mji huu. Tumeandika mengi juu ya Kiswahili cha Lubumbashi, machache sana kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na karibu hakuna lolote ambalo mtu anaweza kulisoma kabla ya kulipa pesa ya kiwanja.

Kuna pingamizi mbili nazichukua kwa uzito. Ya kwanza: njia ya pembeni isiyo na taa itakuwa maskani ya wezi. Inawezekana. Lakini watu wanapita pale hata sasa, gizani, na wakiibiwa hawana wa kumwambia. Njia iliyotangazwa inakuwa na mtu wa kuulizwa. Siwezi kuahidi zaidi ya hapo.

Ya pili ni nzito kuliko ya kwanza: waliojenga. Katiba yetu katika kifungu cha 34 inadai fidia ya haki, tena kabla, kwa anayetwaliwa mali kwa faida ya umma, na kuna sheria ya 1977 inayoeleza utaratibu. Lakini aliyeuziwa kiwanja ndani ya milki ya umma ataambiwa hana haki ya kutwaliwa, kwa sababu aliuziwa kitu kisichouzika. Kwa herufi ya sheria huenda ni kweli. Kwa mama mukubwa, ambaye alilipa, akapewa muhuri, na akasomewa na mtoto wa ndugu yake, ni dhambi ya wengi kuangushiwa mtu mmoja. Nairobi waliipitia hali hii pale Kibera, ambako nyumba na vibanda vilikuwa vimefika karibu kabisa na reli. Huko, kwenye machafuko ya baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, watu waling'oa reli yenyewe. Baadaye shirika la reli la Kenya, kwa fedha za Benki ya Dunia, liliwajengea wakazi wa kando ya njia nyumba na maduka palepale karibu, wakahama hatua chache badala ya kufukuzwa mjini. Ilichukua miaka, na haikukosa manung'uniko. Lakini walihesabiwa watu kabla ya kuhesabiwa mita. Hapa tumeanza na rangi nyekundu.

Tena njia ya Kipushi haihitaji upana wote mahali pote. Palipo na ukuta uliokwisha simama, kijia kinaweza kupita upande mmoja tu. Palipo wazi, ipewe nafasi ya kutosha ili treni ikirudi isikutane na mtoto. Hayo ni mambo ya wapimaji, nami nawaachia.

Sina ubaya na zinki. Kamyo zikipungua barabarani, msukuma makala atakuwa wa kwanza kushukuru. Ninachokiogopa ni reli inayorudi kama bomba: madini yanaingia upande mmoja, yanatoka upande wa pili, na watu wanazuiwa katikati kwa uzio. Siku hizi neno "korido" liko midomoni mwa kila mkubwa, tangu ule mkataba wa Lobito wa miaka 30 ulipoanza kutekelezwa upande wa Angola 2023, na kila nikilisikia linahusu kitu kinachoondoka. Wananchi nao husafiri. Mwezi wa Machi 2022 treni ya mizigo ilianguka Buyofwe, jimbo la Lualaba, na zaidi ya watu 70 wakafa, watu waliokuwa wamepanda juu ya mizigo. Haikuwa treni yao, lakini walikuwa na safari. Makubaliano yoyote mapya juu ya tawi la Kipushi yangeandikwa tangu mwanzo na mabehewa ya abiria ndani yake, hata kama ni mawili kwa asubuhi na mawili kwa jioni, na njia ya kinga pembeni, na kifungu kinachosema kwamba mgodi ukisimama tena kama ulivyosimama 1993, njia inabaki.

Nimeomba idara iniruhusu kugeuza kazi yangu ya mwisho wa mwaka iwe msamiati wa ardhi: maneno ya barua za viwanja, Kifaransa upande mmoja, Kiswahili cha hapa upande wa pili, kila neno na swali linalopaswa kuulizwa ukilikuta. Tayari nina 41. "Emprise" bado inanishinda. "Eneo la reli" ni pana mno, "kando ya reli" ni potofu, kwa sababu emprise ni ya reli yenyewe, na kando ni ya jirani. Mwalimu mmoja amependekeza "mwili wa reli". Nilimpelekea mama mukubwa pendekezo hilo Jumapili. Akalirudia polepole, akaangalia ukuta wake, kisha akauliza mwili huo unaishia wapi: kabla ya jiko lake au baada ya jiko? Nimeomba ramani katika ofisi mbili. Bado nasubiri.